Semista iliyojaa: kupanga wiki 15, kozi 5 na bumu moja

Kila chuo kinapofunguliwa maswali ni yale yale. Nianze kusoma lini? Bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, nilipangeje lifike mwisho? Testi tatu zikigongana nifanyeje? Mbona CA yangu, yaani alama za testi na kazi za ndani ya semista, ina pengo? Mwongozo huu ni wako wewe uliye chuo kikuu Tanzania, unayekaa hosteli au geto (chumba cha kupanga mtaani), mwenye kozi 5 au 6 na fedha ya kuhesabu. Kama hukupata mkopo hesabu hazibadiliki, weka tu fedha ya nyumbani pale palipoandikwa bumu.

Jambo moja ulishike mapema: semista haiharibikii kwenye wiki ya mitihani. Inaharibika kati ya wiki ya 5 na ya 9, pale testi, kazi za vikundi na kuisha kwa fedha vinapokutana. Kwa hiyo kazi kubwa ya kupanga ni ya wiki mbili za mwanzo, wakati chuo bado kinaonekana kimelala na kila mtu anakwambia "mambo hayajaanza".

Andaa hivi kwanza

- Kozi autilaini ya kila kozi, yaani mpango wa mada, testi na kazi zake. Mhadhiri asipoigawa, mwombe CR, yaani mwakilishi wa darasa, aifuatilie wiki ya kwanza.
- Ratiba ya vipindi na almanaki ya chuo, ili ujue tarehe za kuanza UE, yaani mitihani ya mwisho wa semista.
- Kanuni za mitihani za chuo chako. Soma kurasa za mahudhurio, sapu (mtihani wa kurudia baada ya kufeli) na kuahirisha mtihani, hazizidi nusu saa.
- Karatasi moja ya A3, au A4 mbili zilizogundishwa, na kalamu za rangi mbili.
- Kaunta buku moja kwa kila kozi mbili, na kidaftari cha matumizi kinachoingia mfukoni.
- Akaunti ya benki inayofanya kazi na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe.
- Anwani ya barua pepe unayoikumbuka nywila yake. Flashi peke yake haitoshi, utaona kwa nini.
- Kitambulisho cha chuo na kadi ya bima ya afya, vyote viwe bado hai.

1. Maliza usajili wa kozi ndani ya wiki mbili

Ingia kwenye mfumo wa chuo, sajili kozi zote za lazima, kisha za kuchagua. Hesabu krediti zako: mwaka mzima kwa kawaida ni 120, yaani karibu 60 kwa semista. Ukimaliza, fungua tena ukurasa na uhakikishe kozi zimebaki. Mtandao ukikatika katikati, mfumo unaweza kupokea nusu na kuacha nusu. Piga picha ya skrini yenye tarehe uihifadhi.

Kosa la kawaida: kuhudhuria kozi semista nzima, kufanya testi zote, kumbe hukuisajili. Matokeo yakitoka jina lako halimo, na kulirudisha ni barua, sahihi na wiki kadhaa za kupanda ngazi za ofisi.

2. Tengeneza karatasi ya semista

Hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote. Fanya kwa mkono, si kwenye simu. Karatasi iliyobandikwa ukutani unaiona hata usipotaka.

Chora mistari 15 kwenda chini, mmoja kwa kila wiki, kisha ongeza miwili au mitatu ya UE. Safu ya kwanza ni tarehe ya Jumatatu ya wiki hiyo. Halafu safu moja kwa kila kozi. Safu ya mwisho kabisa iandike FEDHA.

Sasa chukua kozi autilaini moja moja. Kila testi, kazi ya mtu mmoja, kazi ya kikundi, semina ya kuwasilisha na kipindi cha maabara, kiandike kwenye wiki yake pamoja na alama zake. Usiandike "testi" tu, andika "testi 1, alama 15". Kama tarehe haijatajwa, weka kwa penseli: testi ya kwanza mara nyingi huangukia wiki ya 5 hadi ya 7, ya pili wiki ya 10 hadi ya 12.

Kwenye safu ya FEDHA andika siku bumu lilipoingia, kisha uhesabu siku 60 mbele na uweke alama. Bumu likiingia wiki ya kwanza, siku ya 60 inaangukia wiki ya 9. Angalia safu za kozi za wiki hiyo hiyo. Utaona mwenyewe hatari inakaa wapi.

Wiki yoyote yenye vitu vitatu au zaidi, izungushie rangi nyekundu. Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: rudi nyuma wiki mbili na uandike "anza" kwa kila kitu kilicho ndani ya duara. Kwa mfano, wiki ya 7 ina testi 1 ya Takwimu Jumatano, alama 15, kazi ya kikundi ya Uchumi Ijumaa, alama 10, na kuwasilisha semina Alhamisi, alama 5. Wiki ya 5 utaandika: anza maswali ya Takwimu, gawana kazi ya Uchumi, chagua mada ya semina. Kazi inayohamishika ni ya kikundi na semina. Testi haihamishiki, basi hizo mbili zimalizike wiki ya 6.

Tarehe ikibadilishwa darasani, badilisha kwenye karatasi siku hiyo hiyo. Kundi la WhatsApp la darasa si pa kutunzia tarehe, tangazo la asubuhi likifika jioni limeshazikwa na jumbe 200.

3. Gawa saa kwa krediti

Krediti moja ni saa 10 za kazi, ukijumlisha kipindi, semina, maabara na kujisomea. Kozi ya krediti 12 ni saa 120, ukigawa kwa wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki. Kama vipindi na semina vyake vinachukua saa 4, unadaiwa saa 4 nyingine. Semista ya krediti 60 ni saa 40 kwa wiki, yaani kazi ya mtu aliyeajiriwa. Ukijua hivyo, hutashangaa kwa nini "nasoma usiku kidogo" haitoshi.

Tafuta saa zako kwanza kwenye mapengo ya mchana. Kipindi kikiisha saa 4 asubuhi na kingine kikianza saa 6, usirudi hosteli, nenda maktaba moja kwa moja. Mapengo manne ya namna hiyo kwa wiki ni saa 8, na ni saa ambazo kichwa bado kiko macho. Jumamosi kuanzia saa 2 hadi saa 6 asubuhi iachie kozi inayokutisha. Jumapili pumzika, fua, nenda kwenye ibada, pigia nyumbani.

4. Piga hesabu ya CA kabla ya kupanga msuli (kusoma kwa bidii)

Vyuo vingi hutoa alama 40 za CA na 60 za UE. Pale A inapoanzia 70, hesabu yake ni hii:

- Ukiwa na CA ya 32, A inataka 38 kati ya 60.
- Ukiwa na CA ya 24, inataka 46.
- Ukiwa na CA ya 17, inataka 53, na wanaofika hapo huhesabika kwa vidole.

Ndiyo maana testi ya alama 15 ya wiki ya 6 ina uzito kuliko usiku wa kukesha wa wiki ya 16. Vyuo vingine pia vina kiwango cha chini cha CA ambacho usipokifikia huingii UE kabisa, na vingi vinadai mahudhurio ya asilimia 75. Soma kanuni za kwako.

Kumbuka GPA, wastani wa pointi za matokeo yako, hupimwa kwa krediti. Kwenye mfumo wa A kuwa pointi 5 na B+ pointi 4, B+ ya kozi ya krediti 12 inakupa 48, na A ya kozi ya krediti 8 inakupa 40. Usiipe kozi ndogo unayoipenda saa za kozi kubwa unayoikwepa.

5. Ligawe bumu siku linapoingia

Tangazo la kusaini kupokea bumu likitoka, saini siku hiyo au kesho yake. Fedha isiyosainiwa ndani ya muda hurudishwa Bodi ya Mikopo, na kuifuatilia ni kazi nyingine.

Chukua mfano wa shilingi 10,000 kwa siku, siku 60: 600,000. Kabla hujanunua chochote, ondoa haya:

- Mchango wako wa kodi ya geto kwa miezi miwili: 60,000
- Steshenari, kuprinti na fotokopi: 30,000
- Bando: 40,000
- Sabuni, dawa ya meno, vocha, kunyoa au kusuka: 30,000
- Akiba ya dharura, haiguswi: 60,000

Inabaki 380,000 ya chakula na nauli. Sasa usigawe kwa siku 60. Gawa kwa 70. Bumu linalofuata linaweza kuchelewa, na siku hizo 10 za pengo ndizo zinazowafanya watu wapige pasi ndefu, yaani waruke milo, wiki ya testi. Siku 70 ni wiki 10, kwa hiyo una 38,000 kwa wiki, kama 5,400 kwa siku. Bei za kwenu zikiwa tofauti badilisha tarakimu, utaratibu ubaki huo.

Fedha ikae benki. Kila Jumatatu toa au hamishia simu 38,000 tu, kwa mara moja. Kutoa 5,000 leo na 5,000 kesho kunakula makato kila mara, na makato ya miezi miwili ni milo kadhaa. Kwenye kidaftari andika kila unachotumia, hata maandazi ya 200. Ijumaa jioni jumlisha. Ukivuka, wiki ijayo inapungua kwa kiasi hicho hicho.

Angalizo: usimkopeshe mtu kutoka kwenye fedha ya chakula. Kama lazima umsaidie, mwalike mle pamoja. Na kila anayekuahidi kuizidisha fedha yako mara mbili kwa wiki, iwe kwa kubeti au kwa kundi la mtandaoni, anaitaka wiki ya 9 yako.

6. Chakula: pika kwa kuchanga

Soma masharti ya jengo kwanza. Hosteli nyingi zinakataza koili na majiko ya umeme, na sababu ni ya kweli: nyaya za chumba hazikufungwa kubeba koili za watu wanne kwa pamoja. Ukikaa hosteli ya namna hiyo, kula kwa mama ntilie mchana, jioni jipange na chakula chepesi. Ukiwa geto na mtungi wa gesi wa kilo 6, uweke mbali na chandarua na godoro, na fungua dirisha unapowasha.

Watu watatu wakichanga hupika kwa nafuu zaidi kuliko mmoja. Maharage ndiyo mkombozi, lakini yanakula gesi yasipoandaliwa. Loweka nusu kilo usiku kwa muda wa kama saa 8, asubuhi mwaga yale maji, tia mapya, yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kisha punguza moto mpaka punje ibonyezeke kwa vidole bila kiini kigumu. Yasiyoiva vizuri yanavuruga tumbo vibaya, na hiyo ndiyo siri ya wengi wanaoumwa asubuhi ya testi. Nusu kilo inatoa sahani 6. Nusu ya sufuria kaangia kitunguu na nyanya leo, iliyobaki ikipoa ihifadhi bila nyanya, kwa sababu yenye nyanya huchacha upesi. Bila friji usiivushe siku moja, na kabla ya kuila ichemshe tena mpaka itokote.

Mchele kadiria robo kilo kwa watu wawili. Asubuhi usitoke bila kitu: uji, au chai na kiazi kitamu, vinatosha kukufikisha saa 7.

7. Utaratibu wa siku za kawaida

Jioni ya kila kipindi tumia dakika 20, si zaidi. Funga slaidi, andika kwenye kaunta buku yale unayoyakumbuka kwa maneno yako, kisha fungua slaidi ujaze mapengo kwa rangi ya pili. Rangi ya pili ndiyo inayokuonyesha usichokijua. Wiki ya testi utasoma rangi hiyo tu.

Kozi za hesabu hazisomwi kwa macho. Chukua maswali mawili ya semina, yafanye bila kutazama majibu. Ukikwama dakika 25, andika ulipokwamia na uende nalo diskasheni.

Diskasheni iwe ya watu 4 au 5, saa moja na nusu, kila mmoja amekuja na swali alilolifanya. Kundi likifika watu tisa linageuka baraza.

Madesa (noti) ya waliotangulia yatumie kama ramani, yasichukue nafasi ya kipindi. Mhadhiri akibadilishwa au mtaala ukipitiwa upya, desa linabaki na mambo ya zamani, na anayelitegemea hugundua akiwa ndani ya chumba cha mtihani.

8. Kazi ya kikundi bila ugomvi

Siku ile ile kundi linapotangazwa, kutaneni dakika 30. Chagueni mwandishi mmoja wa kuunganisha. Gawaneni kwa sehemu zenye kichwa na idadi ya kurasa, na kila mtu aandike vyanzo vyake anapoandika, si mwishoni. Kama kazi inakusanywa Ijumaa, sehemu zote zimfikie mwandishi Jumatatu, Jumanne aunganishe, Jumatano wote wasome kwa sauti, Alhamisi saa 4 asubuhi iprintiwe.

Usikubali aya iliyotolewa moja kwa moja na programu ya akili mnemba. Programu hizo hutunga marejeo ya vitabu visivyokuwepo, na mhadhiri akitafuta kimoja tu asikipate, kikundi kizima kinaingia matatani.

Steshenari peleka PDF. Faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta nyingine, herufi hubadilika, majedwali hukatika na kurasa 12 zinakuwa 14. Jitumie PDF hiyo kwa barua pepe pia, maana flashi ikichomekwa kwenye kompyuta iliyochomekwa flashi 50 asubuhi hiyo, mafaili yako yanaweza kurudi yote yamegeuka shotikati kwa sababu ya virusi. Na usiende saa moja kabla ya kukusanya, foleni ya siku hiyo inafika barabarani.

9. Wiki ya testi na wiki ya UE

Siku 5 kabla: soma rangi ya pili. Siku 3 kabla: chukua pasti pepa (mitihani ya miaka iliyopita) mbili, zifanye kwa saa, bila simu. Siku 1 kabla: pitia makosa yako tu, lala kwa muda wa saa 6 angalau. Zimamoto, yaani kusoma kwa pupa usiku kucha, inaweza kukupa swali moja na kukunyima matatu kwa sababu ya usingizi.

Kabla ya UE hakikisha ada haina deni, CA imebandikwa na umeisoma, jina na namba yako ya usajili vipo sawa. Chumba cha mtihani usiingie na simu hata ikiwa imezimwa, wala karatasi yoyote mfukoni. Kagua mifuko mlangoni.

Likikwama

*Testi mbili siku moja.* CR apeleke ombi kwa wahadhiri wote wawili wiki mbili kabla, akiwa na ratiba mkononi. Ombi la siku mbili kabla hukataliwa.

*CA ina pengo.* Nenda kwa mhadhiri na karatasi yako ya testi iliyosahihishwa, kabla ya UE. Ndiyo maana hutupi karatasi hata moja mpaka matokeo ya mwaka yatoke.

*Mwanakikundi hafanyi kazi.* Mwandikie ujumbe kwenye kundi ukitaja sehemu yake na tarehe. Akikaa kimya siku mbili, gawaneni sehemu yake na mumwarifu mhadhiri kabla ya kukusanya. Kumlalamikia baada ya alama kutoka hakusaidii.

*Umeugua wakati wa UE.* Nenda zahanati ya chuo, chukua cheti cha daktari, peleka barua ya kuahirisha kabla ya kukaa kwenye mtihani. Ukishaufanya ukafeli, cheti cha kesho yake mara nyingi hakipokelewi. Mtihani ulioahirishwa kwa ruhusa unahesabiwa kama wa kwanza, unaweza kupata A. Sapu, hata ukipata 90, kwa kawaida inaandikwa C.

*Bumu halijaingia, wenzako wamepata.* Hakiki kwanza kama ulisaini, kisha kama namba ya akaunti na namba ya usajili zinafanana na zilizo kwenye mfumo. Ndipo uende kwa ofisa mikopo wa chuo na kitambulisho. Wakati unasubiri, kula akiba yako kwa 4,000 kwa siku: 60,000 inakuvusha siku 15.

*Umeachwa nyuma wiki tatu.* Usianze kusoma wiki ya kwanza. Hudhuria kipindi cha leo, kiandike kwa dakika zako 20, kisha kila Jumamosi rudisha wiki moja ya nyuma. Kozi zikiwa mbili, anza na yenye krediti nyingi.

*Hulali, huli, huoni sababu ya kuamka.* Huo si uvivu. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au ofisi ya mlezi wa wanafunzi wiki hiyo hiyo, na umwambie mwenzako wa chumbani akusindikize mpaka mlangoni.